Kuutazama Ubongo Ukifanya Kazi Bila Kulifungua Fuvu

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo la sayansi ambalo halimo katika vitabu vya darasani, lakini ambalo mwanafunzi aweza kulifahamu kwa elimu aliyo nayo. Nimechagua habari za ubongo, na hasa njia ambayo kwayo wataalamu wameweza kuzitazama kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, aliye macho, bila kumpasua. Naandika kwa ajili ya wanafunzi, lakini naomba wazazi nao wasome hata mwisho, kwa sababu jambo hili laingia katika nyumba zetu.

Kwanza tuone ugumu wake. Moyo twaweza kuusikiliza. Mapafu twaweza kuyapima kwa pumzi. Damu na mkojo twaweza kuvitia katika chupa tukavipeleka maabara. Lakini ubongo umefungwa ndani ya fuvu kama fedha ndani ya kasha la chuma. Uzito wake kwa mtu mzima ni kama kilo 1.4, nao ni laini kama siagi. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Eksirei, ambazo Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alizigundua mwaka 1895, huonyesha mfupa wa fuvu vizuri sana, lakini ubongo wenyewe hauonekani ila kama kivuli. Na hata kama tungeliona umbo lake lote, umbo si kazi. Mtu akipiga picha ya jengo la posta akiwa nje barabarani, ataona kuta na paa. Hatajua barua ngapi zimepita leo, wala zimekwenda kwa nani.

Ujumbe Hupitaje Katika Ubongo?

Seli moja ya neva yafanana na mti. Ina matawi yanayopokea habari, ina shina refu, na ina mizizi inayotoa habari kwa wengine. Ndani ya shina ujumbe hupita kwa nguvu ya umeme. Lakini seli hizi nyingi hazikugusana. Kati ya mwisho wa seli moja na mwanzo wa nyingine pana mwanya mdogo ajabu. Chukua milimita moja, uigawe mara milioni moja, kisha uchukue sehemu 20 tu: huo ndio upana wake.

Umeme ukifika ukingoni hapo, hauruki. Badala yake seli humwaga kemikali kidogo. Kemikali hiyo huvuka mwanya kama mtumbwi uvukavyo mto, na ng'ambo hukuta milango iliyotengenezwa kwa umbo lake, kama kufuli lilivyotengenezwa kwa ufunguo wake. Mlango ukifunguka, seli ya pili huamshwa, au hutulizwa, kwa kadiri ya kemikali na aina ya mlango. Kisha kemikali huvunjwa, au huingizwa tena katika seli iliyoimwaga, ili njia iwe wazi kwa ujumbe mwingine.

Wataalamu walibishana sana juu ya jambo hili. Wengine walishika kwamba neva husema kwa umeme tu. Mwaka 1921 Otto Loewi, katika mji wa Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura, yote ikipiga ndani ya maji ya chumvi. Aliitia umeme neva inayopunguza mwendo wa moyo wa kwanza, na moyo ule ukapiga polepole. Ndipo akayachukua yale maji yaliyouzunguka, akayatia katika moyo wa pili. Neva ya moyo wa pili haikuguswa na mtu, lakini moyo huo nao ukapunguza mwendo. Basi ilikuwa dhahiri kwamba neva ya kwanza ilikuwa imemwaga kitu ndani ya maji. Kitu hicho leo huitwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Tangu hapo kemikali nyingine nyingi zimejulikana: glutamati ambayo kazi yake kubwa ni kuamsha, GABA ambayo hutuliza, na pia serotonini, noradrenalini na dopamini. Katika makala haya nitaishika moja tu, yaani dopamini, maana ukiifahamu hiyo vizuri, nyingine hazitakushinda.

Sungura wa Sweden na Wagonjwa wa Vienna

Zamani dopamini ilidhaniwa kuwa ni hatua tu ya njiani, kitu ambacho mwili hukitengeneza ili upate kutengeneza kingine. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, katika mji wa Lund nchini Sweden, aliwapa sungura dawa inayoitwa reserpini, ambayo huziondoa kemikali hizi katika neva. Sungura walijikunyata, hawakutaka kwenda popote. Kisha aliwapa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Muda si mrefu sungura wakaamka na kutembea kama kawaida yao. Kwa kazi hiyo Carlsson naye alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000.

Habari hizo zilimfikia Oleh Hornykiewicz katika mji wa Vienna. Yeye alikumbuka ugonjwa ambao daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817: ugonjwa wa kutetemeka, ambao humfanya mtu awe mzito wa mwendo na mkakamavu wa viungo. Hornykiewicz na mwenzake Herbert Ehringer walipima ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huo, na mwaka 1960 walitangaza waliyoyaona. Katika sehemu za ndani zinazosaidia kuongoza mwendo wa viungo, dopamini ilikuwa imepungua mno.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa, lakini angalia upungufu wake. Ilibidi mgonjwa afe kwanza. Na maiti haimwambii daktari ugonjwa ulianza lini, ulianza upande gani, wala ulikwenda kwa kasi gani. Iliyohitajika ni njia ya kuitazama dopamini ndani ya mtu anayeweza kuinuka akarudi nyumbani kwake baada ya kutazamwa.

Kengele Shingoni mwa Mbuzi

Mchungaji anayechunga katika pori zito hawezi kuwaona mbuzi wake wote. Kwa hiyo huwafunga kengele. Hamwoni mbuzi, lakini husikia mlio, na kwa mlio hujua yuko wapi. Kukiwa kimya upande ambao mbuzi hupenda kulisha, huingiwa na wasiwasi.

Njia inayoitwa kwa kifupi PET hufanya vivyo hivyo. Mtaalamu wa kemia huchukua kitu ambacho ubongo hukitumia, akakifunga kengele. Kengele yenyewe ni atomi yenye mionzi. Kwa dopamini, kitu kinachotumika ni levodopa ile ile ya sungura, na kengele ni atomi ya florini-18. Kiasi kidogo mno hutiwa katika mshipa wa mkono. Damu hukipeleka mpaka kwenye ubongo, na seli zinazotengeneza dopamini hukichukua kama zichukuavyo levodopa ya kila siku, zikakigeuza na kukiweka akiba katika miisho yake. Seli zikiwa nyingi na nzima, kengele hukusanyika nyingi hapo. Seli zikiwa zimekufa, panakuwa kimya.

Sasa kengele hii hulia namna gani? Hapa fizikia yaingia. Kiini cha florini-18 si thabiti. Protoni moja ndani yake hugeuka kuwa nyutroni, na hapo kiini hutupa chembe iitwayo pozitroni. Pozitroni ni ndugu wa elektroni, uzito ni mmoja, lakini chaji yake ni chanya. Haifiki mbali. Kabla ya kwenda milimita chache hukutana na elektroni, na zote mbili hutoweka. Mahali pao hutoka miali miwili ya gama, ikienda pande mbili zilizoelekeana kinyume, kama watoto wawili wanaokimbiana mmoja mashariki na mmoja magharibi.

Kichwa cha anayepimwa kimewekwa katikati ya pete kubwa ya vipokezi. Vipokezi viwili vinavyotazamana vikigongwa kwa wakati mmoja, kompyuta huchora mstari kutoka kimoja hadi kingine, ikajua kwamba chanzo kilikuwa mahali fulani juu ya mstari huo. Mstari mmoja hausemi mengi. Lakini mistari ikiwa mamilioni, huonekana inakatana wapi, na hapo picha hutokea. Mashine ya namna hii ilitengenezwa katika miaka ya 1970, na miongoni mwa mafundi wake wakuu walikuwa Michael Phelps, Edward Hoffman na Michel Ter-Pogossian katika mji wa St. Louis, Marekani.

Labda mwanafunzi atauliza: je, mionzi hiyo haidhuru? Kiasi chake hupimwa kwa uangalifu, na mtu hapewi bila sababu. Isitoshe, kengele hii huchakaa upesi. Nusu-uhai ya florini-18 ni dakika 110. Tuseme saa 2 asubuhi tulikuwa na sehemu 64. Baada ya dakika 110 zitabaki 32, kisha 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2. Na saa 1 jioni, yaani baada ya saa 11, itakuwa imebaki sehemu 1 tu. Kaboni-11, ambayo nayo hutumika, nusu-uhai yake ni dakika 20 tu. Ndiyo sababu hospitali inayotaka kutumia kaboni-11 haina budi kuwa na mashine ya kuitengeneza, iitwayo saiklotroni, karibu na chumba cha kupimia. Haiwezekani kuiagiza ikaja kwa meli.

Mwaka 1983 mambo mawili yalitangazwa. Katika mji wa Hamilton nchini Canada, Stephen Garnett na wenzake walionyesha picha ya dopamini katika ubongo wa watu walio hai, kwa kutumia ile levodopa yenye florini-18. Na katika mji wa Baltimore nchini Marekani, Henry Wagner na wenzake walionyesha ile milango ya ng'ambo ambayo dopamini huifungua. Mtu wa kwanza kulala ndani ya mashine kwa kazi hiyo alikuwa Wagner mwenyewe.

Koma Mbili na Nukta Mbili

Picha hizo zaonekanaje? Nitaeleza zile za njia nyingine inayokaribiana na PET, ambayo hutumia iodini-123 na ambayo hospitali za Ulaya zimeruhusiwa kuitumia tangu mwaka 2000. Dawa yake hukaa kwenye milango ile ambayo kwayo seli huingiza tena dopamini iliyoimwaga.

Kwa mtu mzima wa afya, katikati ya picha huonekana alama mbili zinazong'aa, moja kulia na moja kushoto, kila moja ikiwa na umbo la koma. Kwa mgonjwa wa Parkinson, mkia wa koma hufifia kwanza, mpaka zikabaki nukta mbili. Mwanafunzi yeyote ajuaye kuweka vituo katika insha aweza kuona tofauti yake. Tena mara nyingi upande mmoja hufifia kabla ya mwingine. Kama mkono unaotetemeka ni wa kulia, upande wa kushoto wa ubongo ndio ulioharibika zaidi, kwa kuwa kila upande wa ubongo huongoza viungo vya upande wa pili.

Na picha hizi zilitufundisha jambo ambalo maiti wa Vienna hawakuweza kutufundisha. Mtu anapoanza kutetemeka kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya miisho ya neva zake za dopamini katika sehemu hiyo huwa imekwisha kupotea. Ubongo ulikuwa umeficha hasara kwa miaka mingi, kama mwenye duka anayelipa madeni kwa akiba yake mpaka siku akiba inapokwisha.

Mchezo wa Kifaru

PET yaweza pia kuonyesha kemikali ikimwagwa mtu anapofanya jambo. Mwaka 1998 wataalamu katika Hospitali ya Hammersmith mjini London walitangaza habari za wanaume wanane waliowekwa ndani ya mashine huku wakicheza mchezo wa kompyuta. Kila mmoja aliendesha kifaru cha vita, na kadiri alivyofaulu ndivyo alivyojipatia fedha.

Safari hii kengele ilifungwa kwenye dawa inayokalia milango ya dopamini. Fikiria basi lenye viti vichache. Viti vikiwa vitupu, abiria wenye kengele hukaa vyote, na mlio huwa mkubwa. Lakini likija kundi la dopamini likavichukua viti, wenye kengele hukosa pa kukaa na mlio hupungua. Basi walipocheza, mlio ulipungua. Maana yake dopamini ilikuwa imemwagwa. Na waliofanya vizuri zaidi katika mchezo ndio ambao mabadiliko yao yalikuwa makubwa zaidi. Wanafunzi wanaoshindwa kuweka simu chini saa ya kujisomea wafikirie kidogo habari hii.

Ramani Juu ya Ramani

Dopamini ni kemikali moja tu, na kila kemikali ina milango ya namna nyingi. Hakuna mtu anayeweza kupimwa yote, maana ingekuwa mionzi mingi mno. Kwa hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali walikusanya picha zao. Mwaka 2022 wataalamu wa chuo kikuu cha McGill, mjini Montreal, pamoja na wenzao walitangaza ramani za aina 19 za milango, zilizo katika makundi 9 ya kemikali. Picha zilitoka kwa watu wazima wa afya zaidi ya 1,200.

Wanafunzi wa jiografia watalielewa jambo hili mara moja. Ukichukua ramani ya mvua, ukaweka juu yake ramani ya reli, kisha ramani ya watu, unaanza kuona kwa nini mji fulani uko pale ulipo. Wataalamu hao walifanya hivyo kwa ubongo. Walizilinganisha ramani za milango na ramani za nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo. Waliona kwamba sehemu zilizounganishwa kwa nyuzi hufanana zaidi katika milango yake kuliko sehemu zisizounganishwa. Yaani kemikali hazikutawanyika ovyo kama mchele uliomwagika. Zimepangwa pamoja na barabara zake.

Mambo Ambayo Picha Haiwezi

Yapasa tuseme na mipaka yake. Picha hizi haziwezi kusoma mawazo ya mtu. Doa dogo kabisa linaloonekana katika picha ya PET lina upana wa milimita chache, na ndani yake mna seli maelfu kwa maelfu. Tena tendo linalopita kwa nukta moja ya saa, PET huliona kama jumla ya dakika nyingi.

Pia tusichanganye PET na mashine kubwa ya sumaku, iitwayo MRI, ambayo sasa imo katika hospitali zetu kubwa. Ile huonyesha umbo la ubongo vizuri, wala haitumii mionzi ya atomi. Kwa namna fulani ya kuitumia huonyesha pia sehemu ambazo damu imeongezeka mtu anapofikiri, na kwa namna nyingine hupima kiasi cha glutamati na GABA. Lakini milango ya kemikali haiioni. Kila chombo kina kazi yake.

Mashine za PET ni za gharama kubwa. Afrika Mashariki zimefika. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi inayo mashine hiyo pamoja na saiklotroni yake. Lakini kazi kubwa ya mashine hizi, kwetu na kwingineko, ni kutafuta saratani. Basi mzazi atauliza: mambo haya yatufaa nini sisi tusio na mashine?

Yatufaa Nini?

Nitajibu kwa habari ya mjomba wangu. Alikuwa seremala hodari. Alipofika umri wa miaka 58 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka alipokuwa amekaa bila kazi. Akishika randa, unatulia. Baadaye hatua zake zikawa fupi, sauti ikashuka, uso ukawa kama wa mtu aliyenuna, na maandishi yake yakawa madogo kama ya chungu. Wateja walianza kunong'ona kwamba fundi anakunywa, naye hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Wengine walisema jirani amemtilia mkono. Mkewe aliuza mbuzi kwa ajili ya waganga, na miaka minne ikapita hivyo. Mjomba akaacha kwenda hata msikitini, kwa aibu ya kutetemeka mbele za watu.

Mwisho alifika kwa daktari wa neva. Daktari hakutumia mashine yoyote. Alimwambia atembee, afungue na kufunga vidole, aandike jina lake. Kisha akasema, "Mzee, hukurogwa wala hukulewa. Una upungufu wa kitu fulani katika ubongo, na dawa yake ipo." Alipewa vidonge vya levodopa. Baada ya majuma machache aliweza kujifunga vifungo vya shati mwenyewe. Hakupona, maana dawa hairudishi seli zilizokufa. Lakini alirudi miongoni mwa watu.

Mjomba wangu hakuwa peke yake. Mwaka 2008 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kati ya watu wapatao 161,000. Walionekana wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na daktari yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiishi nao tu, nyumbani.

Daktari wa mjomba aliweza kusema kwa uhakika bila mashine kwa sababu wengine walikwisha kutazama kwa mashine. Picha za Hamilton na za miji mingine zimethibitisha kwamba ishara zile za mkono, hatua na maandishi zaendana na upungufu unaoonekana na kupimika. Elimu hiyo haihitaji saiklotroni ili isafiri. Hufika kijijini ndani ya kichwa cha daktari, na yaweza kufika ndani ya kichwa cha mwanafunzi pia.

Levodopa yenyewe si kitu kigeni kwetu. Imo kwa wingi katika mbegu za upupu, ule ule unaowawasha wanafunzi wanapofyeka shamba la shule. Hata hivyo nawaonya: asitokee mtu akamsagia babu yake upupu. Kiasi kilichomo hutofautiana mbegu kwa mbegu, na dawa hii ikizidi huleta kichefuchefu, kizunguzungu na hata kuona mambo yasiyokuwapo. Vidonge vya hospitali vimepimwa, tena vimechanganywa na dawa nyingine inayozuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika katika ubongo.

Basi wazazi, mkimwona mzee ambaye mkono wake hutetemeka akiwa ametulia, ambaye hatua zimekuwa fupi na uso hauchangamki, msimseme kwa ulevi wala msitafute mchawi. Mpelekeni hospitali mapema. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Na ugonjwa huu wafichwa zaidi kwa aibu kuliko kwa kitu kingine.

Nanyi wanafunzi, tazameni jinsi masomo yenu yalivyoshikana katika habari hii. Carl Anderson alipoiona pozitroni mwaka 1932 alikuwa akichunguza miali itokayo angani, wala hakuwa akitafuta dawa ya wazee. Mwanakemia akaifunga kwenye levodopa, mwanahesabu akaichorea mistari, daktari akaisoma picha. Kama mmoja wao angelilala darasani, wengine wangelikwama. Wenye maswali waje maabara siku ya Alhamisi baada ya vipindi. Na kila mmoja aje na jibu la hesabu hii: tukianza na sehemu 64 za kaboni-11 saa 4 kamili asubuhi, saa 6 kamili mchana zitabaki ngapi?